Kwa nini sokwe wa Ngamba hawaletwi Gombe

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tabora mjini. Likizo ya Juni tulikwenda Uganda kwa dada yangu aliyeolewa Entebbe, na shemeji akatupeleka kwa boti hadi kisiwa cha Ngamba kuwaona sokwe waliookolewa. Safari ile haitanitoka. Msitu umefunga, ziwa pande zote, na saa ya kulishwa wanachomoza mitini kwa makelele, wanapiga makofi wakidai chakula. Mmoja hana kiganja cha kushoto, lakini alikuwa anadaka karoti kuliko wenzake wote. Ila kati yetu na wao kulikuwa na uzio wa umeme, na kijana aliyetuongoza akasema usiku wengi wanalala bandani. Tukiwa kwenye basi tunarudi, binti yangu wa miaka 11 akaniuliza: "Mama, Gombe si kuna msitu wa sokwe na hauna uzio? Kwa nini hawa wasipelekwe kule wakakae na wenzao?" Nilikosa jibu, na mpaka leo sina. Halafu yule asiye na kiganja, angeweza kuishi porini?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Msalimie binti, umwambie swali lake si la kitoto hata kidogo. Nililiuliza mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza kazini, kijana nimetoka chuoni na vyeti vyangu, na mkubwa wangu wa kazi akanitazama akasema: "Wewe umewahi kuhamia kijiji cha watu bila kupiga hodi?" Nikaona ananikwepa. Nilikuja kumwelewa baadaye, juu ya mgongo wa mlima mmoja wa Gombe, hifadhi yetu ya Kigoma.

Jibu la haraka, ili mtoto asisubiri mpaka mwisho wa barua: hawaletwi kwa sababu Gombe kuna wenyewe, na wenyewe wangewaua. Sababu nyingine zipo, nitazitaja, lakini hata zote zingeondoka, hiyo moja ingebaki pale pale.

Shida iko kwenye neno "wenzao". Sisi tukiona sokwe na sokwe tunaona ndugu. Sokwe haoni hivyo. Kwake wapo wa kundi lake, anaowajua mmoja mmoja kwa sura na kwa sauti, na wengine wote ni wageni. Ndani ya Gombe kuna kundi la Kasekela katikati, la Mitumba kaskazini, na masalia ya kundi la Kalande kusini, na mipaka yao haina bikoni wala uzio lakini kila dume anaijua. Siku moja nilifuatana na watafiti nyuma ya madume saba wa Kasekela. Asubuhi walikuwa wanakula matunda ya mbula kwa fujo, wanarukiana, wanasukumana. Kama saa nne hivi wakashika njia ya mgongoni, mmoja nyuma ya mwingine, na kelele zikakatika kama mtu amezima redio. Hata majani makavu walikuwa wanayakwepa. Kila baada ya hatua kadhaa wa mbele anasimama, anainamia shina, ananusa, anaokota ganda la tunda lililotafunwa jana na mwingine, analinusa pande zote kama mama anayekagua migebuka sokoni. Manyoya ya mgongoni yamesimama wima. Ghafla ng'ambo ya bonde ikasikika sauti moja, ya mbali. Wale saba wakakumbatiana, meno nje, si kwa furaha. Walikuwa wanaogopa. Wakageuka, wakarudi kimya kimya, na walipofika ndani kabisa ya eneo lao ndipo wakaanza kupiga mashina ya miti kwa miguu na kupiga mayowe, mpaka na sisi tukapumua.

Siku ile niliwaza: wangemkuta mgeni pale, peke yake, aliyezoea kuletewa uji kwenye kikombe, ingekuwaje?

Yaliyowahi kutokea yanajulikana. Kati ya mwaka 1974 na 1978 madume wa Kasekela waliwamaliza madume wa kundi la Kahama, mmoja baada ya mwingine, wakawakuta mmoja mmoja na kuwashambulia kwa pamoja. (Kahama hii si ile ya jirani zenu huko, ni bonde moja ndani ya Gombe.) Na kinachouma zaidi ni kwamba Kahama hawakuwa wageni. Walikuwa wamejitenga na Kasekela miaka michache tu kabla. Waliokuwa wanatoana chawa ndio waliokuja kuuana. Jane Goodall, aliyeshuka kwenye ufukwe wa Gombe Julai 1960 na kufariki Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 91, alikiri kwamba miaka ile ilimvuruga, maana kabla ya hapo aliwadhani sokwe ni wapole kuliko sisi. Kama hayo yalitokea kwa waliokua pamoja, basi wa kutoka Ngamba hana hata pa kuanzia.

Jike kijana ana nafasi kidogo, kwa sababu kwa sokwe wasichana ndio huhama kwao wakipevuka na kwenda kundi lingine. Hata hivyo majike wenyeji humpiga na kumfukuza kwenye miti mizuri kwa muda mrefu, kama mkwe asiyetakiwa, na akija na mtoto mgongoni mtoto huyo yuko hatarini. Dume mzima hana nafasi kabisa.

Sasa nafasi. Watu wakisikia Gombe wanafikiri ni msitu usio na mwisho, kumbe ni ukanda mwembamba kati ya Ziwa Tanganyika na ukingo wa bonde la ufa, kama kilomita za mraba 35 za nchi kavu, na sokwe wake wote hawazidi 100 kwa hesabu ya jumla. Kaskazini unagota Mwamgongo, kusini Mtanga, juu mashamba ya mihogo na michikichi. Tukigawa, kila sokwe ana ekari 80 na ushee, na bado wanagombana. Ngamba wenzao zaidi ya 50 wako kwenye ekari 100 hivi, yaani zisizofika mbili kila mmoja. Mpe binti hesabu hiyo aifanye mwenyewe, kisha muulize kama msitu wa Ngamba unaweza kuwalisha. Hauwezi, ndiyo maana mliwakuta wanapiga makofi kudai karoti. Na kwa kuwa kisiwa hakiongezeki, majike wanawekewa vipandikizi vya uzazi wa mpango, kama wanavyowekewa akina mama kliniki. Wageni wengi hilo huwashangaza. Mimi naona ni uungwana.

Magonjwa nitayapitia upesi, ingawa ndiyo kazi yangu. Mwaka 1966 polio ilipita Gombe, ikawapoozesha sokwe kadhaa na kuwaua wengine. Mwaka 1987 ugonjwa wa mapafu ukachukua roho kadhaa za Kasekela. Mwaka 2006 kifua kikali kiliingia kundi la sokwe liitwalo M kule Mahale, hifadhi nyingine kusini mwa Gombe kando ya ziwa hilo hilo, na baadhi wakafa. Sokwe aliyelelewa na watu ameishi na pumzi za watu, anaweza kubeba kitu asichoumwa yeye akakipeleka kwa wasio na kinga. Na upande wa pili nao ni hivyo hivyo: Gombe wapo sokwe wenye virusi vya jamii moja na vya UKIMWI, na utafiti uliotoka mwaka 2009 ulionyesha kuwa wenye virusi hivyo hufa mapema kuliko wenzao. Unamtoa yatima mzima wa afya Ngamba, unamleta kwenye maambukizi. Hakuna daktari mwenye akili timamu atakayesaini karatasi hiyo.

Lakini niseme lile ambalo wewe kama mwalimu utalielewa kuliko watu wote. Sokwe yatima amenyang'anywa mama, na kwa sokwe mama ndiye shule. Mtoto wa sokwe hunyonya mpaka miaka minne au mitano, na humfuata mama yake mpaka miaka minane, tisa. Muda wote huo hakuna somo linalotangazwa, anatazama tu. Mvua za kwanza zikinyesha, mama anakwenda kwenye kichuguu, anakwangua kitundu kwa kidole, anachagua jani la nyasi, analing'ata ncha, analiingiza taratibu, anasubiri, analitoa limejaa mchwa waliong'ang'ania kwa meno. Mtoto amekaa pembeni, pua karibu na mkono wa mama. Anachukua jani lililotupwa, analisukuma mahali pasipo na tundu. Kesho tena. Jani fupi mno, nene mno, analivuta kwa pupa na mchwa wanabaki ndani. Watafiti walipima jambo hili Gombe wakakuta watoto wa kike wanamtazama mama kwa makini zaidi na wanajua kuvua mchwa mapema, wakati wa kiume wanabiringishana pembeni. Bila shaka darasani kwako hujaliona hilo.

Tena elimu hiyo si moja kwa nchi nzima. Gombe sokwe wanakula matunda ya mchikichi kwa furaha. Mahale michikichi ipo na hawaigusi. Gombe wanachovya fimbo kwenye siafu. Mahale siafu wanawaacha, wanavua chungu wa kwenye miti. Mahale wakitoana chawa hushikana mkono mmoja juu ya vichwa, viganja vimekutana kama watu wanaopeana tano hewani wakasahau kuachana, na mkono mwingine unafanya kazi; Gombe hawashikani hivyo. Kati ya Mahale na Gombe ni ziwa moja, mwendo wa kilomita mia moja na hamsini hivi. Kama hata wa Mahale angekuwa mgeni wa desturi Gombe, sembuse aliyenyang'anywa mama akiwa na mwaka mmoja, akakulia kwenye sanduku la mfanyabiashara?

Yupo mtoto mmoja wa Gombe ambaye habari yake inajulikana duniani, Flint, mtoto mdogo aliyebaki wa sokwe bibi Flo. Flo alikufa mwaka 1972, mzee sana. Flint alikuwa na zaidi ya miaka minane, anajua kula, anajua kutengeneza kiota, yuko kwenye msitu wake na kundi lake. Akaacha kula, akazubaa karibu na alipofia mama yake, na kabla ya mwezi kuisha akafa. Nisikuache na huzuni tupu: mwaka 1987, katika ule ugonjwa wa mapafu, yatima mwingine, Mel, wa miaka mitatu na ushee, alichukuliwa na dume kijana aitwaye Spindle ambaye hawakuwa na undugu wa karibu. Akambeba mgongoni, akamgawia chakula, akalala naye kiota kimoja. Mel akapona. Kwa hiyo yatima hupona wakati mwingine, lakini akiwa kwao.

Hapa sina budi nikueleze jambo la kwangu, silipendi sana. Miaka ya tisini niliitwa kwenye nyumba moja karibu na mwalo, kuna mtoto wa sokwe. Nilimkuta ndani ya kikapu cha kubebea samaki, amefunikwa kanga, kiunoni ana alama ya kamba iliyomla mpaka nyama. Mwaka mmoja na nusu hivi, si zaidi. Mwenye nyumba akaniambia amemnunua kwa huruma kwa watu waliovuka na mtumbwi usiku, asije akafa mikononi mwao. Nadhani alisema kweli. Na ndiyo shida yenyewe, Mwalimu. Mtoto wa sokwe haachiliwi na mama aliye hai. Kupata mmoja wa kutia kikapuni lazima umuue mama, na mara nyingi na wengine wanaokuja kumtetea. Aliyenunua kwa huruma amelipa bei ile ile anayolipa aliyenunua kwa kujionyesha, na wale wa mtumbwi hawaulizi fedha imetoka kwenye moyo gani. Wamejua tu kwamba upande huu kuna mteja.

Ofisini hatukuwa na mahali pa kumweka, nikamchukua nyumbani. Alipoguswa tu alinishika kola ya shati kwa mikono miwili na miguu miwili na hakuachia mpaka usiku; nilikula ugali naye amening'inia. Mke wangu alimkorogea maziwa kwenye kikombe cha plastiki. Mimi nilikuwa na mafua. Mafua ya kawaida tu, ya kupenga na kuendelea na kazi. Nilimlaza kifuani siku tatu. Siku ya nne akaanza kupumua mbavu zikiingia ndani, nikampa dawa nilizokuwa nazo, na siku ya tisa asubuhi nikamkuta amekufa, bado ameshika shuka. Ukinikuta Kasekela leo nimevaa barakoa na jua la saa saba linanichoma, usinionee huruma.

Kwa hiyo ule uzio mliouona Ngamba mimi siuoni kama jela. Unamzuia mtu kama mimi wa miaka ile. Unawazuia pia sokwe wasiwaendee watu, maana aliyelelewa na watu hana hofu nao, na dume mzima ana nguvu ambayo hakuna mwanamume wa kuihimili. Sokwe wa porini akiingia shambani, mkulima akipiga kelele anakimbia. Wa Ngamba angekaa chini akanyoosha mkono apewe. Akinyimwa?

Sasa, binti yako akiwa mjanja atakuuliza: mbona Rubondo? Na atakuwa amenibana sawasawa. Kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria, upande wetu wa Geita, hakikuwa na sokwe kabisa. Kati ya mwaka 1966 na 1969 Bernhard Grzimek na Shirika la Zuolojia la Frankfurt waliachia pale sokwe 17 hivi kutoka mabustani ya wanyama na sarakasi za Ulaya, wengi wao asili yao Afrika Magharibi. Walifunguliwa masanduku wakaachwa. Hakuna aliyewafundisha tena. Na wakaweza: wakajenga viota, wakajua matunda, wakazaa, na leo wajukuu na vitukuu vyao ni sokwe wa porini kabisa ambao ukiwakaribia wanakukimbia. Hilo ni kweli na sitalificha ili hoja yangu ipendeze. Lakini tazama masharti yake. Kisiwa kikubwa, zaidi ya kilomita za mraba 200, chenye msitu wa kutosha, hakuna sokwe wenyeji wa kuwaua, wala vijiji vya jirani vya kuvamiwa. Wengi walikuwa wamezaliwa porini kabla ya kukamatwa, kwa hiyo kidogo cha mama walikuwa nacho. Na pamoja na bahati yote hiyo, baadhi yao waliwashambulia watu miaka ya mwanzo, na wawili wakapigwa risasi. Rubondo nyingine haipo. Tungekuwa nayo tungeshaitumia.

Walijaribu pia kwenye msitu wenye wenyeji, Congo-Brazzaville, hifadhi ya Conkouati, ambako shirika la HELP Congo liliachia yatima 37 kati ya 1996 na 2001. Wengi walipona, na majike kadhaa wakapokelewa kwa sokwe wa pori. Madume ndio walioshambuliwa, na baadhi wasingekuwa hai leo kama madaktari wa mifugo wasingekuwa pale kuwashona majeraha. Na pale sokwe wa pori walikuwa wachache, msitu mpana. Gombe ni kinyume chake kwa kila kitu. Mwongozo wa IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, wa mwaka 2007 kuhusu kurudisha porini sokwe na jamaa zao wakubwa unasisitiza hivyo hivyo: usihatarishe waliopo kwa ajili ya unaowaleta. Mimi nauafiki, hata pale unaponiuma.

Umenisoma kwa subira, nikuongezee kidogo kuhusu jirani zetu. Sokwe yatima waliokuwa Bujumbura, juu kidogo tu ya ziwa hili hili, walihamishiwa Kenya kuanzia mwaka 1993 vita vilipopamba moto Burundi, kwenye makazi ya Sweetwaters kule Nanyuki. Kenya haina sokwe wa porini hata mmoja. Kwa mtu wa Kigoma inachekesha kidogo, sokwe wa Tanganyika kuzeekea chini ya Mlima Kenya, kwenye baridi, lakini ukifikiri utaona ni mahali salama kwao: hakuna sokwe wenyeji wa kuwaambukiza wala wa kuwaua.

Ukimleta Gombe, na ninakuomba umlete akitimiza umri unaoruhusiwa (uliza TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kabla ya kukata tiketi ya treni, maana watoto wadogo hawapandi mlimani kuwafuata sokwe, na nimeona familia ikigawanyika ufukweni, mmoja analia), mwambie mapema kwamba hakuna saa ya kulishwa. Zamani ndizi zilikuwepo. Zilileta ugomvi, zikapunguzwa, mwisho zikaachwa kabisa. Mtashukia Kigoma stesheni, mtapanda boti Kibirizi. Mkiipata ya abiria itakuwa na magunia, majogoo na madumu ya mawese, na itatia nanga kila kijiji; chukueni karanga. Asubuhi mtapanda mlima pengine kwa muda wa saa tatu bila kuona hata mkia wa ngedere. Kisha mtawaona, kutoka mita 10, na barakoa puani, na hakuna hata mmoja atakayewapigia makofi. Watawapita kama mnavyopita nguzo ya umeme. Watoto wengi huvunjika moyo hapo. Wachache huelewa kuwa wamepewa heshima. Wako, kwa swali lile, nadhani ataelewa. Na mmojawenu akikohoa asubuhi ya safari, abaki kambini, hata kama ni wewe mwenyewe na nauli umeshalipa.

Kuhusu asiye na kiganja. Mara nyingi ni mtego wa waya, uliotegwa kwa ajili ya paa au nguruwe pori; sokwe akinasa anavuta mpaka waya unakata, damu haipiti, kiganja kinaoza na kudondoka. Uganda wako wengi wa namna hiyo msituni, hasa Budongo, na wanaishi, wanazaa. Wanabuni mtindo wao wa kula: anayekosa vidole vya kushika jani analibana kwa kifundo, analigeuza kwa mdomo. Nilimtazama mmoja huko jioni moja anatengeneza kiota. Alikalia tawi, akalikunja la pili kwa mkono mzima, akalikanyaga kwa mguu lisirudi, akalivuta la tatu kwa kigutu na kidevu. Alichelewa kuliko wenzake kama dakika tatu hivi. Akaongeza majani mawili chini ya kichwa, akalala. Kwa hiyo mwambie binti: mkono si kizuizi. Yule wa Ngamba mkono wake angeweza kuishi nao popote.

Barua ijayo aandike yeye mwenyewe. Na aniambie alipata ekari ngapi.